"Kama nilivyopokea": habari zisizo na mwenyewe katika makundi yetu ya WhatsApp

Kuna maneno machache ambayo siku hizi yanatembea katika simu za watu wa Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia na Uvira karibu sawa na salamu. Kwa Kifaransa yanaandikwa "Tel que reçu". Kwa Kiswahili watu wanaandika "Kama nilivyopokea", au "Nami nimetumiwa". Yanawekwa juu ya ujumbe, kisha habari inafuata: adui amekwisha kufika mahali fulani, usiku wa leo mtu asilale nyumbani, chanjo fulani inaua watoto, fulani wa kartie fulani ndiye mpelelezi. Aliyetuma anatuambia mambo mawili kwa pamoja: aminini habari hii, lakini msiniulize mimi.

Katika mahubiri na semina zetu, tunapozungumza juu ya simu, tunazungumza hasa juu ya vijana: picha chafu, mapenzi ya mtandaoni, usiku mzima bila usingizi, kijana anayecheka peke yake kwenye benchi la nyuma wakati mchungaji anahubiri. Hayo yapo na hatuyadharau. Lakini tukitazama miaka hii ya vita na magonjwa katika Kivu na Ituri, tunaona jambo lingine ambalo limetugharimu zaidi, wala halifanywi na vijana peke yao. Linafanywa na wazee wa kanisa, mama viongozi, waalimu wa shule ya Jumapili. Ni kusambaza habari isiyo na mwenyewe. Na makundi ya WhatsApp ya makanisa yetu yamekuwa njia nzuri sana ya kuipitisha, kwa sababu moja ambayo si tamu kuisema: watu wanatuamini.

Redio ya barabarani ilikuwa na uso

Uvumi si kitu kipya kwetu. Tangu wakati wa Mobutu, redio ya serikali ilipokuwa ikisifu tu na watu wakatafuta habari zao pembeni, Wakongomani waliupa uvumi jina la radio trottoir, redio ya barabarani. Redio hiyo haikuwa mbaya tu. Mara nyingi ilisema kweli kabla ya wakubwa. Lakini ilikuwa na mambo mawili yaliyotukinga. Kwanza, jina lake lenyewe lilikuwa onyo: ukisema umesikia kwenye trottoir, msikilizaji anajua kwamba lazima apunguze nusu. Pili, ilikuwa na uso. Aliyekuletea habari alisimama mbele yako, sokoni au kwenye bomba la maji. Unamjua kama ni mtu wa kuongeza chumvi. Unaweza kumuuliza: nani amekuambia? Wewe mwenyewe uliona? Akianza kugugumia, umekwisha kuelewa.

Simu imeondoa vyote viwili. Ujumbe unaingia chini ya jina la mtu unayemheshimu. Si kwamba shemasi ameona watu wenye silaha. Shemasi ametumiwa na shemeji yake, aliyetumiwa na mfanyabiashara mmoja, aliyeupata katika kundi la watu 400 wasiojuana. Lakini kwenye kioo cha simu yako kuna jina la shemasi tu. Heshima yake, aliyoijenga kwa miaka 20 ya kutembelea wagonjwa na kuzika wafu, inahamia kwenye habari ambayo yeye mwenyewe haijui. Ndiyo maana tunasema kwamba kundi la kanisa linaweza kuwa hatari kuliko ukurasa wa Facebook wa mtu asiyejulikana. Ukurasa ule, watu wengi wanauhesabu kama trottoir. Kundi la parokia wanalihesabu kama tangazo lililosomwa madhabahuni.

Kisha kuna odio. Katika eneo letu, ambako mama wengi hawakupewa nafasi ya kusoma, odio imefungua mlango mkubwa. Mama wa Masisi asiyejua kuandika anaweza leo kuzungumza na mtoto wake aliye katika kambi ya Nakivale, Uganda, kwa lugha yake, na kumsikia akicheka. Mtu asitudanganye kwamba hiyo ni baraka ndogo. Lakini odio inabeba hofu pia kuliko maandishi. Sauti inatetemeka, pumzi zinasikika, nyuma yake kuna mlio ambao tunaambiwa ni wa bunduki. Anayesema anatumia Kinande, au Mashi, au Kifuliru, au Kinyarwanda, na msikilizaji anajisemea: huyu ni mtu wa kwetu. Sauti ipo, jina halipo, tarehe haipo. Odio ya mwaka uliopita inaweza kuanza safari tena jioni hii kana kwamba ni ya sasa, na hakuna alama ya kuonyesha uzee wake.

Picha ni vilevile. Maiti zilizopigwa picha katika nchi nyingine zimepita hapa kwetu na kuandikwa kwamba ni za Beni. Watu wengi wanafikiri kosa hilo si kubwa, kwa kuwa Beni watu wanakufa kweli. Tunaona kinyume. Siku uongo wa picha moja unapojulikana, wale wanaotaka kukana mauaji ya Beni wanapata neno la kusema: si mnaona, na zile nyingine ni hivyohivyo. Waliouawa kweli tangu Oktoba 2014 wanakosa hata ushahidi wa kifo chao.

Kutuma ni bure, kuthibitisha kunalipiwa

"Thibitisha kabla ya kutuma." Neno hilo linasemwa katika kila semina, na mara nyingi linasemwa na mtu mwenye intaneti ya ofisi. Kwa waaminifu wetu wengi mambo hayako hivyo. Wananunua mega za siku moja, hata za saa chache. Au wananunua forfe ya mitandao ya kijamii tu, kwa sababu ni ya bei ndogo. Ukiwa na forfe hiyo unapokea, unasikiliza, unatransfere. Lakini ukigusa kiungo kinachopeleka kwenye tovuti ya redio au ya gazeti, hakifunguki, au kinakula yunite zote zilizobaki. Kwa hiyo mtu anasoma kichwa cha habari peke yake, na kichwa cha habari ndicho anachosambaza.

Ongeza umeme. Anayelipa kuchaji simu yake kwa jirani mwenye sola, na amebakiza betri ya asilimia tisa, hataanza utafiti. Atasoma, atasambaza, atazima. Kwa bei ya kufungua kurasa mbili tatu angenunua sabuni. Tusimwite mjinga. Mahali ambapo kusambaza uongo ni karibu bure na kutafuta ukweli ni kwa pesa, uongo utaenda mbele hata kati ya watu wenye akili nzuri.

Wenye WhatsApp wenyewe wamejaribu kupunguza mwendo. Ujumbe uliokwisha kupita mikononi mwa wengi unaonyesha mishale miwili midogo juu yake, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutransferiwa ila kwa mazungumzo mamoja kwa mara moja. Ni vizuri kuijua alama hiyo. Tungependa hata watoto wa shule waijue. Ila watu wamejifunza njia ya kuikwepa: wananakili maneno na kuyabandika upya, na mishale inapotea.

Uvumi unapopata udongo

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu Kaskazini, ikianzia Mangina, teritware ya Beni. Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati ya tarehe hizo mbili wagonjwa 3.470 walihesabiwa na watu 2.287 walikufa. Mwezi wa Septemba 2018, ugonjwa ukiwa bado mchanga, watafiti waliuliza watu 961 wa Beni na Butembo. Karibu mmoja juu ya wanne alisema Ebola si ya kweli. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba karibu theluthi moja tu ya waliojibu waliamini kuwa viongozi wa mahali wanatetea faida yao, na kwamba wale wasioamini viongozi na walioamini uvumi walikuwa wepesi zaidi kukataa chanjo na kutokwenda hospitali.

Tunataka msomaji aone vile mambo hayo mawili yanavyoshikana. Watu wa Beni walikuwa wamezika ndugu zao kwa miaka minne, na msaada haukuja. Ghafla kwa ajili ya ugonjwa mmoja zikaja gari nyingi, wageni na pesa. Kisha, Desemba 2018, siku chache kabla ya kura, Beni na Butembo waliambiwa kwamba hawatachagua pamoja na nchi nzima, na sababu mojawapo iliyotolewa ni Ebola. Aliyekuwa amepokea odio ya kusema "Ebola ni siasa" alifikiri amepata uthibitisho. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Mkameruni Richard Mouzoko, aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi Butembo akiwa hospitalini kazini. Hatusemi kwamba simu ilimwua. Tunasema kwamba uvumi haukui hewani. Unakua pale wenye mamlaka walipovunja imani ya watu, na kanisa linalotaka kupigana na uvumi bila kusema kweli juu ya jambo hilo linakata majani na kuacha mizizi.

Volkeno ilitufundisha habari hiyohiyo kwa njia nyingine. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na watu wa Goma walikimbia wakitazama anga jekundu na kusikiliza simu zao, kwa sababu neno la viongozi lilichelewa. Tarehe 27 Mei asubuhi amri ya kuhama ikatolewa kwa sehemu kubwa ya mji, na mamia ya maelfu wakashika njia ya Sake, ya Minova kwa njia ya ziwa, na ya Rwanda. Baadaye ilijulikana kwamba kituo cha volkeno cha Goma kilikuwa kimekaa miezi kadhaa kabla ya hapo bila pesa ya kulipia intaneti, hata vyombo vya mlimani havikuweza kutoa habari vizuri. Fikirini: kijana wa Majengo alikuwa na mega za kutuma video ya moto, na wale waliopewa kazi ya kuuchunga mlima hawakuwa nazo. Mahali ambapo anayepaswa kusema amenyamaza, odio itasema.

Jambo la tatu ni zito zaidi, nasi tunaliandika kwa uangalifu. Desemba 2021, huko Lweba katika teritware ya Fizi, afisa wa jeshi la taifa, Mnyamulenge, aliuawa na kundi la watu. Novemba 2023, mjini Goma, askari mwingine wa jeshi hilohilo na wa jamii hiyohiyo aliuawa vilevile. Mara zote mbili kulikuwa na simu zilizonyanyuliwa juu, zikipiga picha. Video hizo zilisambaa sana. Wengine walizituma kwa furaha, wengine kwa uchungu, wengine "kama nilivyopokea". Kwa mama aliyemzaa mtu yule, tofauti hiyo ina maana gani? Mtoto wake ameuawa mara moja barabarani, na mara elfu katika mifuko ya watu.

Na mara nyingi wanaowasha moto kwa maneno hawako karibu na moto. Wapo wenye sauti kali wanaorekodi Ulaya, Marekani au Kinshasa, wa upande huu na wa upande ule, wanaotaja kabila zima kuwa nyoka au kuwa wageni. Wao wanalala salama. Wanaoamka na matokeo ni watu wa Minembwe, wa Fizi, wa Masisi, wa Djugu. Tunawaombea ndugu zetu wa ugenini, na wengi wao wanalisha familia hapa. Ila mtu aliye mbali na matokeo angepaswa kuwa mzito zaidi wa kusema.

Kwenye kizuizi

Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, parokia nyingi zina waaminifu pande mbili za mstari wa vita. Kundi la WhatsApp ndilo lililobaki likiwaunganisha. Ndani ya kundi moja kuna mama aliyebaki mjini, mwalimu aliyekimbilia Burundi, mwanakorali aliye Kampala, na ndugu anayetafuta maisha kwa kuuza maharagi kati ya Minova na Goma.

Tumfikirie huyo ndugu wa maharagi. Anapita kwenye vizuizi. Mwenye silaha anaweza kumwambia: toa simu, fungua. Sasa, WhatsApp katika simu nyingi imewekwa hivi kwamba picha na video zinazoingia zinashuka zenyewe na kukaa kati ya picha za mwenye simu, hata kama hakuzifungua. Kwa hiyo ndugu yule anaweza kubeba mfukoni video inayosifu upande mmoja au kutukana mwingine, ambayo hajawahi kuitazama, iliyotumwa saa nne za usiku na mtu wa kundi la kanisa aliyekuwa na mega za kumaliza. Kwa mwenye bunduki, maneno "kama nilivyopokea" hayaelezi kitu.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo na kufanya jambo moja. Katika WhatsApp ya Kifaransa, ingia "Paramètres", kisha "Discussions", uzime "Visibilité des médias". Rudi, ingia "Stockage et données", na pale penye kushusha médias zenyewe, ondoa alama zote. Kuanzia hapo picha na video hazitashuka bila wewe kuzigusa. Utachunga mega zako pia. Vijana wa parokia wanaweza kuwafanyia wazee kazi hiyo Jumapili moja baada ya ibada. Ni dakika mbili kwa kila simu.

Lakini hilo linamkinga anayepokea tu. Anayetuma bado ana swali lake: je, katika kundi hili kuna mtu ambaye ujumbe wangu unaweza kumwua? Katika makundi yetu ya sasa, jibu ni karibu kila mara ndiyo.

Hatusemi watu watupe simu zao. Ni nani angesema hivyo huku? Banki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, ni kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kwamba familia nyingi ziliendelea kupata msaada wa jamaa na mishahara yao, hata kama wenye kabine waliwakata asilimia kubwa. Na wale wanaopenda kusema kwamba simu ni kitu cha wazungu, tuwakumbushe kwamba ndani yake kuna tantali, na koltani ya Rubaya inajulikana dunia nzima. Kitu hiki kimetoka katika udongo wetu kabla ya kuturudia kikiwa na kioo.

Habari iliyofika kwa Daudi

Katika 2 Samweli 13 kuna kisa ambacho hakihubiriwi mara nyingi. Absalomu amemwua Amnoni, ndugu yake, katika karamu. Wana wengine wa mfalme wanapanda nyumbu na kukimbia. Wakiwa bado njiani, habari inafika kwa Daudi kabla yao: Absalomu amewaua wana wote wa mfalme, hakubaki hata mmoja. Daudi anararua nguo zake na kulala chini, na watumishi wote wanararua zao. Maiti mmoja amekuwa maiti wa familia nzima, na hakuna aliyeuliza nani ameleta habari hiyo. Maandiko hayataji hata jina lake. Ni habari tu, "ilifika".

Anayesahihisha ni Yonadabu, na anasema kwa hesabu: ni Amnoni peke yake aliyekufa. (Yonadabu mwenyewe si mtu mwema, ndiye aliyempa Amnoni shauri baya mwanzoni. Lakini siku ile alisema idadi iliyo kweli.) Kisha wana wa mfalme wanafika wakilia, na mfalme analia nao. Kulikuwa na kifo cha kweli cha kulilia. Uvumi haukuanza na kitu cha bure, ulianza na Amnoni.

Weka kisa hicho karibu na 1 Wakorinto 15. Kule Paulo naye anasema kwamba anawapa watu jambo ambalo yeye mwenyewe alilipokea. Kwa maneno mengine, "kama nilivyopokea"! Lakini tazama anachofanya baadaye. Anataja majina: Kefa, wale kumi na wawili, Yakobo. Anataja ndugu zaidi ya 500 na kuongeza kwamba wengi wao bado wako hai, maana yake, aliye na shaka aende akawaulize. Mwishoni anajitaja mwenyewe. Kwa Paulo, kupokea habari hakukumwondolea mtu mzigo wa kuisimamia. Kulimwongezea. Maneno ambayo sisi katika simu tunayatumia ili tutoke katika habari, yeye aliyatumia ili aingie ndani yake na watu 500 nyuma yake.

Mtandao tulio nao tayari

Makanisa yetu yana kitu ambacho hakuna gazeti lililo nacho. Karibu kila kijiji cha Kivu na Ituri, hata kule ambako rezo inashikwa juu ya mti fulani tu, kuna mchungaji au mwinjilisti au mama kiongozi anayejulikana kwa jina. Habari ikisema kijiji fulani kimechomwa, kuna mtu wa kuuliza. Kumpigia simu hakuhitaji mega, ni yunite chache, na parokia inaweza kuzilipa katika makisio yake kama inavyolipa mishumaa na chaki. Tunawajua makatibu wa parokia wanaofanya hivyo: ujumbe wa hofu ukiingia, wanapiga simu mbili, moja kwa mchungaji wa pale na nyingine kwa mtu asiye wa kanisa letu, kisha wanaandika katika kundi: tumeuliza, saa tisa, fulani aliye pale anasema hivi. Au: tumeuliza, hatujapata jibu. Hata jibu hilo la pili linatuliza, kwa kuwa lina mwenyewe.

Bado kuna hatari katika kutaja jina la aliyejibu. Mahali penye silaha, katibu mwenye busara anaandika "mtumishi wa pale" na kuchunga jina kichwani. Anayejulikana kwa kundi ni katibu. Yeye ndiye anayesimama na habari. Kwa picha na video zenye mashaka, wapo pia waandishi wa habari Wakongomani wanaofanya kazi ya kuzichunguza, kama wale wa Congo Check, walioanza mwaka 2018. Kijana mmoja mwenye mega katika parokia anaweza kupewa kazi ya kuwafuata na kuleta majibu.

Sheria nayo ipo. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360, inaahidi kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita kwa anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu katika mitandao. Tazama neno "kusambaza": sheria haikutoa nafasi kwa "kama nilivyopokea". Lakini tusitegemee sana fimbo hiyo. Mwandishi Stanis Bujakera, aliyefungwa Kinshasa tangu Septemba 2023 hadi Machi 2024, alishitakiwa kwa sheria hiyohiyo pamoja na nyingine, na wengi waliona kwamba kosa lake lilikuwa kazi yake.

Wachungaji kadhaa wametuambia kwamba wamechoka, na wanataka kufunga makundi ya WhatsApp ya parokia, au kuyaweka hivi kwamba viongozi peke yao ndio waandike. Kwa matangazo ya ibada na ya misiba, njia hiyo ya pili ni nzuri. Lakini mama aliyekuwa akiuliza katika kundi "hii odio ni kweli?" hataacha kuwa na swali kwa sababu kundi limefungwa. Atalipeleka katika kundi la kartie, lenye watu 900, ambamo hakuna katibu wa kupiga simu Minova.